Boti ya alumini ya kitako bapa: inafaa Ghuba ya Mwanza?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Nyegezi, Mwanza. Mwisho wa wiki huwa navua sato kwa ndoano na wavu mdogo, kwa kukodi mtumbwi wa mbao. Mjomba wangu yuko Magu, na msimu ukifunguliwa tunakata kibali tunakwenda kuwinda bata maji kwenye mafunjo, bunduki ni yake. Sasa nimepata boti ya alumini iliyotumika, kitako bapa, futi 14, upana wa chini inchi 48, ilikuwa ya mradi uliokwisha. Muuzaji anaiuza pamoja na injini ya hospawa 40 na anasema boti ya bapa haipinduki hata watu wote wakisimama upande mmoja. Fundi wa mageti mtaani kwetu anasema ataniundia mpya kwa bati la alumini la milimita 1.2, nusu ya bei. Jirani naye ananitisha kuwa alumini inavuta radi. Natamani siku moja niende na wenzangu watatu mpaka Ghuba ya Speke tukatafute sangara. Nichukue ipi?"*

Marahaba. Umeuliza kuhusu chombo, lakini mimi nitaanza na maji, kwa sababu wengi wanaonunua boti za namna hii huzijaribu saa moja asubuhi mwaloni, ziwa likiwa limetulia tuli, wakaridhika hapo hapo. Wewe mwenyewe unakaa Nyegezi, unajua saa tisa alasiri kunakuwaje. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na maji ya karibu na ufukwe hayana shida. Jua likipanda, ardhi hupata joto haraka kuliko ziwa, upepo unageuka na kuanza kuvuma kutoka ziwani. Ghuba yetu ni ndefu na nyembamba, mdomo wake uko kaskazini, kwa hiyo upepo huo unaingia na kupita kwa urefu wake, na wimbi linapata nafasi ya kukua kadiri linavyosukumwa. Kati ya Juni na Agosti ongeza kusi, ule upepo wa kusini. Kwa hiyo boti yako inabidi ipimwe kwa maji ya kurudia nyumbani, siyo ya kutokea.

Sasa hilo la "haipinduki". Muuzaji hakukudanganya moja kwa moja, amekupa nusu ya habari. Boti ya kitako bapa ni tulivu sana mwanzoni. Ukikanyaga ukingo wake ikiwa kwenye maji yaliyolala, upande mzima wa kitako unasukumwa juu na maji, nayo inakataa kuinama. Mtumbwi wako wa mbao wenye mkuku, ule uti wa chini, hucheza ukiingia tu, unakufanya ujione mgeni. Ndiyo maana mtu akipanda boti ya bapa mara ya kwanza hujiona salama.

Lakini utulivu huo unatokana na kitako kung'ang'ania uso wa maji. Maji yakilala, boti inalala nayo. Maji yakiinama, boti inainama kwa pembe ile ile ya wimbi. Mtumbwi wenye umbo la kina hauufuati uso wa maji kwa utii kiasi hicho. Tena boti ya bapa ikishainama mpaka ukingo ukagusa maji, hakuna tena kinachoisukuma irudi, inakwenda moja kwa moja. Na ikishapinduka, inatulia juu chini kwa utulivu ule ule uliousifia ikiwa imesimama, na kuigeuza mkiwa majini ni kazi ya watu wengi.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo ninaloliogopa zaidi: maji yaliyoingia ndani. Kwenye chombo chenye mkuku, maji yakiingia hukusanyika katikati, ngamani, mahali pa chini. Kwenye kitako bapa hayana pa kukusanyika. Yanatanda kama mchuzi kwenye sinia, na ukiinamisha sinia kidogo tu mchuzi wote unakimbilia upande mmoja. Boti ikiegemea kulia, maji yote yanakwenda kulia na kuizidisha kuegemea. Kitako cha boti unayoitaja kinachogusa maji ni kama mita 3.6 kwa 1.2, yaani mita za mraba 4 na ushee. Kila sentimita moja ya maji ndani yake ni lita 43 hivi, debe mbili. Sentimita tano, ambazo zinalowesha vifundo vya miguu tu na mtu anaweza kuzipuuza, ni zaidi ya debe kumi, kilo mia mbili zinazokimbia huku na huko bila kushikwa na mtu.

Hesabu hiyo hiyo itatuambia boti itazama kiasi gani ukiipakia, maana kilo 43 za mzigo zinaishusha sentimita moja. Chukua safari yako ya Speke. Boti yenyewe kilo 100, injini ya hospawa 40 kilo 70 na zaidi, tangi la petroli la lita 25 kilo 20, watu wanne kilo 280, nyavu, nanga na sanduku la barafu kilo 60. Tukijaaliwa samaki, tuseme kilo 50. Jumla inakaribia kilo 580, kwa hiyo boti inashuka kama sentimita 13 au 14. Utasema si kitu, mbavu za boti zina nusu mita. Ni kweli, ila mbavu si mahali pa chini kabisa. Pa chini kabisa ni nyuma, pale ubao wa kufungia injini ulipokatwa. Boti nyingi za bapa hukatwa inchi 15, sentimita 38, kwa ajili ya injini ya mguu mfupi. Toa 14, zimebaki 24. Na kwa kuwa injini, tangi na dereva wote wako nyuma, nyuma inashuka zaidi ya mbele, tuseme sentimita sita au saba nyingine. Mwishowe kati yako na ziwa pana sentimita 17, haifiki hata shibiri. Wimbi la nusu mita, ambalo kwa mvuvi wa Kayenze ni wimbi la kawaida la alasiri, likikukuta umepunguza mwendo ghafla, au umesimama kuvuta wavu huku mgongo wa boti ukielekea upepo, linaingia lote. Na lile la kwanza likishaingia, la pili linakuta nyuma imeshuka zaidi.

Kwa hiyo Speke, na wenzako watatu, kwa boti hiyo: hapana. Speke haifanani na ghuba ya Nyegezi. Mdomo wake umefunguka upande wa magharibi kwenye ziwa lenyewe, Ukerewe ikiwa kaskazini yake, na upepo wa mchana unaotoka huko umeshasafiri masafa marefu juu ya maji matupu. Ukitaka sangara, panda na wavuvi wa Kayenze au Igombe kwenye boti zao ndefu za mbao, zenye mbavu ndefu na mbele iliyoinuka. Zimeundwa na watu wanaolijua wimbi hilo.

Usije ukadhani naidharau boti ya bapa. Imebuniwa kwa kazi nyingine, na kwa kazi hiyo sijaona inayoishinda. Kule Marekani zilikozoeleka, hutumika kwenye mito ya taratibu, mabwawa na vinamasi, mahali pa maji ya magotini. Kwako hiyo maana yake ni pembezoni mwa matete, vighuba vya Luchelele na Sweya, na vinamasi vya Magu kuelekea mto Simiyu. Ikiwa na watu wawili na mizigo yao inaelea kwenye maji ya sentimita kumi hivi. Unanyanyua injini, unashika pondo, unapenya mahali ambapo mtumbwi wa mkuku ungekwama. Unaweza kusimama ukatupa ndoano bila kucheza ngoma. Sato anapenda pembezoni, kwa hiyo hapo boti na samaki wamekutana. Gugu maji pia linaisumbua kidogo kuliko chombo chenye mkuku, mradi propela iwe juu.

Ukiikubali, ipangie masharti: watu wawili, watatu mwisho, asubuhi, na saa tano muwe mmekaribia mwalo, pembezoni, siyo kukata ghuba kwenda Sengerema. Angalia utabiri wa TMA wa Ziwa Victoria kabla ya kushusha. Ukikutwa na wimbi, mbele ya boti ielekee wimbi kwa mshazari kidogo, mwendo wa taratibu, watu wakae chini katikati. Usimruhusu mtu kusimama "aone vizuri". Kitako bapa kitapiga wimbi kwa kishindo na kuwatikisa mpaka meno. Hilo ni kero tu, ila ribiti, zile pini zinazoshikanisha bati, zinaumia.

Juu ya kuwinda nina mambo machache, lakini yachukulie kwa uzito. Bunduki ya marisau inasukuma nyuma, na mtu aliyesimama kwenye boti nyembamba akapiga kwa ubavuni anaisukuma boti pembeni wakati huo huo uzito wake ukihama. Mwenzake akisimama naye kupiga, hapo ndipo watu wanapoingia majini na buti. Mpigaji awe mmoja, amekaa, anapiga kuelekea mbele tu. Mwingine ana pondo mkononi na hagusi bunduki. Risasi zitolewe kabla injini haijawashwa. Bora zaidi, tumieni boti kama usafiri wa kufika, kisha mshuke mahali pagumu. Kuhusu sheria, kibali kinataja ndege gani, wangapi na wapi, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 ina masharti makali juu ya njia za kuwindia. Usichukulie kwamba kibali cha kuwinda kwa miguu kinaruhusu kupiga ukiwa ndani ya boti ya injini. Nenda ofisi ya kanda ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, uliza swali hilo hilo, upate jibu kabla ya msimu. Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa, huko usikaribie na bunduki kabisa.

Kingine ni viboko. Alfajiri, wakati nyinyi mnaingia mafunjoni, wao ndio wanarudi majini kutoka malishoni, na boti isiyo na kina inapita juu ya njia zao hasa. Gongagongeni ubavu wa boti kwa pondo mnapoingia sehemu finyu, muwape nafasi wahame. Alumini ina kelele, hapo itawafaa. Na mkizoea kushuka kwenye maji ya matete kusukuma boti, vaeni buti ndefu na mkapime kichocho hospitalini mara kwa mara. Dawa yake ipo na inapatikana.

Fundi wa mageti mshukuru, mpe kazi ya geti. Boti ndogo za kiwandani za aina hii huwa na bati la milimita 1.3 hivi kwa zile ndogo na nyepesi kabisa, na 2 mpaka 2.5 kwa futi 14 zinazofanya kazi kweli. La 1.2 litabonyea kwenye jiwe la kwanza, na Mwanza ni mji wa mawe. Isitoshe, alumini ya vyombo vya majini ni ya aloi maalumu, zinazojulikana kwa namba kama 5052 na 5083, siyo ile ya paa. Kisha kuna kuchomelea. Alumini yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi nyembamba ya oksaidi iliyoifunika inahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Fundi asiyeijua atatoboa bati kabla ngozi haijayeyuka, au atapata mshono unaong'aa juu na mtupu ndani. Kazi hiyo inataka mashine inayofaa, gesi ya agoni na mkono uliozoea. Wapo mafundi wa namna hiyo. Mtafute kwa kumwomba akuoneshe tangi au chombo cha alumini alichokichomelea kinachoshika maji, siyo geti.

Tuje kwenye boti yenyewe ya mradi. Kabla ya kuzungumza bei, mwombe muuzaji akuruhusu kuijaza maji. Iweke mwaloni kwenye nchi kavu iliyo sawa, injini imetolewa, ndani mimina maji sentimita kumi, kisha zunguka nje na kitambaa kikavu. Kila ribiti inayotoa jasho utaiona. Ribiti iliyolegea si mwisho wa dunia. Watu wawili, mmoja na nyundo na mwingine na chuma kizito upande wa pili, wanaikaza. Kinachonitia wasiwasi ni ufa kwenye bati, hasa pembeni mwa ubao wa injini na kwenye mataruma, vile vipande vya kuimarisha kitako. Injini ya hospawa 40 imekuwa ikiutikisa ubao huo kwa miaka. Shika juu ya ubao kwa mikono miwili uuvute na kuusukuma. Ukicheza, au mbao za ndani zikibonyea kwa kucha, zimeoza.

Kisha tafuta povu. Boti hizi hutoka kiwandani zikiwa na povu chini ya viti, na hilo ndilo linaloifanya ielee hata ikijaa maji. Alumini peke yake ni nzito kuliko maji karibu mara tatu, inazama. Wengi hulitoa ili wapate mahali pa kuweka samaki, au limenyonya maji mpaka likawa mzigo. Ukikuta halipo, funga madumu ya lita 20 yaliyozibwa vizuri chini ya viti, kwa mikanda, siyo kwa kamba ya katani. Kila dumu linabeba kilo 20 hivi. Kumi yanatosha kuishikilia boti na injini ndogo, nanyi mkaning'inia pembeni. Ijaribu kwa kuizamisha makusudi kwenye maji ya kiunoni.

Tafuta pia madoa meupe ya unga, na vishimo vidogo chini yake. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo alumini inadumu sana hapa kuliko Tanga au Bagamoyo. Kinachoila ni vitu vyetu wenyewe: misumari ya chuma na nyaya za shaba zilizoachwa ndani zikiwa zimelowa, rangi ya kitako yenye shaba, chumvi ya samaki, saruji, na jivu la mkaa. Jivu likilowa linakuwa magadi makali, na magadi huitafuna alumini. Kama wana mradi walikuwa wanapikia ndani, kagua hapo palipokaa jiko.

Injini ya 40 usiichukue. Boti nyingi za kiwandani zina kibao kidogo cha uzito na nguvu inayoruhusiwa, na kwa futi 14 ya upana huo mara nyingi namba hukaa karibu na 25. Soma chako. Kama kimebanduliwa, jiulize kwa nini. Na uzito uliomo kibaoni umepimiwa maji matulivu, mimi kwa Ghuba ya Mwanza ningepunguza theluthi. Injini ya 9.9 au 15 ina kilo kati ya 35 na 50 hivi, vipuri vyake vimejaa mjini, na inakupeleka popote unapopaswa kwenda na boti hii. Hakikisha urefu wa mguu unalingana na ubao: mguu mfupi kwa inchi 15, mrefu kwa 20. Ukipata boti iliyokatwa inchi 20, ongeza pesa uichukue, hizo inchi tano ndizo zile sentimita tulizokuwa tunazitafuta kule nyuma. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi mwa dereva kila safari.

Jirani yako na radi: alumini haiiti radi kutoka mbali. Radi hupiga kilichoinuka, na katikati ya ziwa kilichoinuka ni wewe, uwe kwenye mbao, fibaglasi au bati. Hofu yake ina msingi kwa upande mwingine, kwamba Ziwa Victoria lina radi nyingi mno, hasa usiku. Ukisikia ngurumo, nenda nchi kavu. Ukishindwa kufika, laza pondo na fimbo za kuvulia, kaa chini, ondoa mikono kwenye kingo na injini.

Kama hujafunga mkataba na uko tayari kusubiri, ipo ya tatu ambayo hukuitaja: alumini ya futi 14 hadi 16 ambayo mbele yake imechongwa kidogo kama mkuku na kulala bapa kuelekea nyuma, mbavu zikiwa ndefu zaidi. Itakwama mapema kidogo kwenye mafunjo, itacheza kidogo ukisimama, lakini inakata wimbi badala ya kulipiga. Kwa mtu anayevua ghuba wiki hadi wiki na kuwinda mara chache kwa mwaka, hiyo ndiyo ningempa ndugu yangu. Kwa anayeishi Magu pembeni ya kinamasi ningempa ile ya bapa.

Yapo ambayo siwezi kuyaona kutoka hapa. Kabla hujalipa, mtafute mkaguzi wa vyombo vidogo wa TASAC (shirika la uwakala wa meli) Mwanza aione, maana usajili na ukaguzi utavihitaji hata hivyo, na leseni ya uvuvi uulize halmashauri. Ukitaka kujifunza kuendesha na kuokoa, chuo cha uvuvi cha FETA kiko hapo hapo kwenu Nyegezi. Jaketi za kuokolea maisha nunua kwa idadi ya watu, zenye saizi zao, na zivaliwe tangu mwaloni. Kopo la kutolea maji na makasia mawili vifungwe kwa kamba ndani ya boti.

Na muuzaji mwambie unaitaka boti bila injini, na kwamba kwanza unaijaza maji. Akikubali yote mawili, mnaweza kuanza kuelewana bei.